Sahani Ndogo ya Mzee Kahiga

Huko Mweiga hakuna aliyewahi kumwona Magdaline akila kupita kiasi. Mwalimu mkuu mstaafu, mjane wa mzee wa kanisa, mbele za watu alionja vijiko viwili tu. Wageni wakiondoka, alijifungia jikoni akamaliza sufuria ya mukimo, viazi na mahindi ya kupondwa, kwa mwiko, akiwa amesimama, hata ladha haisikii. Kisha akalia.

Kwa miezi minane sasa, kila Alhamisi alikwenda Nyeri kwenye kikundi cha watu wenye shida hiyo hiyo. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda maktaba. Kikundini walifunzana kula wakiwa wameketi, mbele ya mtu, na kila mmoja kumpigia mwenzake simu akizidiwa. Mwenzake Magdaline alikuwa Kahiga, fundi cherehani kutoka Kiriaini. Mara mbili Magdaline alimpigia huku kifuniko cha sufuria kiko mkononi.

Siku ya ruracio, wakwe walipoleta mahari ya bintiye Nduta, Kahiga akaingia pamoja nao. Kumbe ndiye baba mdogo wa bwana harusi! Neno moja tu, na jina la nyumba ya Magdaline lingekuwa sokoni kabla ya jioni.

"Habari yako, mama," Kahiga akasema, kama hajawahi kumwona.

Chakula kikapakuliwa. Waithira, wifi yake Magdaline, akamjazia Kahiga sahani mlima mzima. Mzee akaitazama, akashika kijiko, akakirudisha mezani. Kukataa chakula cha wakwe ni kumkataa bibi harusi. Magdaline aliujua mtazamo ule. Akaichukua sahani, akarudisha nusu sufuriani, akapakua yake kama hiyo na kuketi kando yake.

"Mama Nduta! Ati unapimia wakwe chakula kama watoto wa nasari? Watasema kwetu kuna njaa!" Waithira akapaza sauti.

Watu wakacheka. Magdaline angeweza kusingizia kisukari.

"Waithira, mimi niko na ugonjwa wa kula. Mkienda, mimi humaliza sufuria. Kuna kikundi kinanisaidia. Leo nataka kula kidogo, na mkwe anisindikize."

Kisha Kahiga akakohoa. "Mimi niko kikundi hicho hicho. Huyu mama akinipigia simu, mimi huacha chapati ya nne."

Kicheko kilichofuata hakikuwa na kejeli.

Wageni walipoondoka, sufuria ilibaki nusu. "Wagawie majirani chakula chote," Magdaline akamwambia Waithira. "Usiniachie."

Waithira akainyanyua. "Mimi nilijua kuna kitu. Miezi minane maktaba, na sijaona kitabu hata kimoja!"