Ng'ombe Sebuleni kwa Ipu

Tameri wa kwetu, huku mashambani kaskazini mwa Misri, alikuwa na mume mmoja, ng'ombe mmoja na wivu wa kutosha kijiji kizima. Wivu wote aliumwaga kwa jirani yake Ipu, mjane ambaye nyumba yake ndiyo ya kwanza ukitoka shambani. Kitani cha Ipu kilikuwa laini, wafumaji wa hekalu wakikichukua kabla ya cha mtu mwingine. Tameri alipanda mbegu zilezile, akamwagilia maji ya mto uleule, na bado uzi wake ulikwaruza. Hilo lilimkosesha usingizi.

Siku moja likaja neno kutoka mjini: Mungu wa Waebrania amesema kesho wakati kama huu ataleta mvua ya mawe, na mtu au mnyama atakayekutwa nje atakufa. Vyura tulishawaona, majipu yalishatutoka, mifugo ilishakufa ikabaki michache. Hata hivyo wengi walicheka. Mvua yenyewe kwetu ni ya kubahatisha, sembuse ya mawe.

Ipu hakungoja. Kulipokucha alikunja mikeka, akaingiza ng'ombe wake sebuleni, kisha akaenda kwa Tameri.

"Shoga, mwite mumeo Khaye arudi. Yuko shambani na ng'ombe."

"Ana kazi huko. Au unataka aje akukamulie wewe?"

"Sitanii. Yote yaliyosemwa nyuma yametokea."

"Basi kalale na ng'ombe wako. Sisi leo tunang'oa kitani. Kikitangulia hekaluni, tutaona nani atabaki na mzigo mlangoni."

Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake. Kitani chetu hung'olewa kikiwa katika maua, kikipitiliza hukakamaa, na wenye hofu walikuwa wamejifungia. Lakini Tameri naye aliogopa; namjua, tumekua pamoja. Mara mbili alitoka mlangoni, mkono juu ya macho, akatazama shambani. Kumwita mumewe kungekuwa kumkubali Ipu mbele ya kijiji kizima. Akarudi ndani kukanda mkate wake.

Kisha mbingu zikapasuka. Mawe makubwa kama ngumi, na moto ukikimbia ardhini katikati yake. Tulisikia Tameri akililia jina la Khaye, na hakuna aliyeweza kuvuka ua kwenda kumshika.

Mvua ilipokatika tu alikimbia shambani, mimi nyuma yake. Kitani chote kilikuwa kimelala kwenye tope, cha Ipu na cha kwake, hakuna tofauti tena. Alichimbua tope kwa mikono akimtafuta mumewe. Hakumpata, wala ng'ombe. Ndipo tukasikia ng'ombe wawili wakilia nyumbani kwa Ipu.

Khaye alikuwa ameketi sebuleni, mzima, na bakuli la maziwa mkononi. Nilidhani Tameri atamwangukia kifuani. Wapi.

"Kumbe Ipu akikuita, unaingia?"

Ipu alifungua kinywa ajibu, sauti haikutoka. Khaye akaweka bakuli chini.

"Ameniita mpaka sauti imemkauka," alisema. "Na mimi sikumsikiliza, nilikuwa nautazama mlango wetu. Nilikuona ukitoka, Tameri, mara mbili. Nikangoja uniite wewe. Mawe ya kwanza ndiyo yaliyoniingiza humu."