Mkwe Chini ya Dirisha

Shemeji yangu Wangila alitengeneza mchezo wake wa simu akiwa amekaa nje ya nyumba yetu, chini ya dirisha, mgongo ukutani, na kompyuta ikiwa ndani. Aliyekuwa akibonyeza ni mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu majirani wa Kanduyi walishasema yao, ati mkwe wetu ameharibikiwa na akili, ati kila siku anaongea na ukuta. Hakuwa anaongea na ukuta. Alikuwa anaongea na mimi, na kama kuna aliyekaribia kuharibikiwa na akili ni mimi.

Kwetu Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono, hawaangaliani usoni, wala mmoja hatamki jina la mwingine. Wako walioacha mambo haya, nawaona kwa harusi wakikumbatiana mbele ya kamera. Mama yangu si mmoja wao. Na tangu aanguke bafuni akavunjika nyonga, tulimtolea kitanda chumbani tukakiweka sebuleni, apate mwanga na aone wanaopita. Sebuleni huko huko ndiko iliko kompyuta ya marehemu baba, ile kubwa ya mezani aliyokuwa akitengenezea mabango na kadi za mazishi alipokuwa na biashara ya kuchapa. Kwa hiyo mahali Wangila alipohitaji kukaa palikuwa pamegeuka chumba cha kulala cha mama mkwe wake. Hata kizingitini asingeweza kusimama.

Tuliwaza kuihamisha. Mama akasema mali ya marehemu haiendi popote mpaka Kizito, kaka yetu, arudi kutoka ng'ambo tukae kama familia. Tukaileta varandani angalau, na mvua ya Bungoma ya mchana ikatufukuza na nyaya zetu hata kabla haijawaka. Basi ikarudi mezani, nami nikarudishwa nayo.

Nieleze kidogo kuhusu Wangila. Ni mtu wa Kiminini, mrefu, mpole, aina ya mtu anayeomba msamaha wewe ukimkanyaga. Alifundisha kompyuta katika shule moja ya kibinafsi kule Kitale mpaka mkataba wake ukaisha na hakuna aliyemwita kuandika mwingine. Dada yangu Emmy, mke wake, ni mwalimu wa shule ya msingi. Emmy akawa anatoka asubuhi na mapema kwenda kazini, anamwacha Wangila mezani na laptop, anarudi jioni anamkuta palepale. Hivyo hivyo kwa miaka mitatu. Majirani wa Kitale wakimwuliza bwana anafanya nini siku hizi, Emmy alikuwa anajibu kwamba anatafuta kazi.

Kumbe alikuwa anatengeneza mchezo. Kuna lori la mahindi barabarani, wewe unapanga magunia, unafunga turubai, unakimbizana na mvua ufike kwenye ghala kabla mzigo haujalowa. Ni hivyo tu. Emmy aliuona kwenye laptop, akasema unafanana na katuni. Halafu akasema neno ambalo limetufikisha hapa. Mjomba wake Wangila alikuwa na stoo ya viazi huko Kapsokwony na alitaka mtu wa kuisimamia, mtu wa kuishi hukohuko mlimani. Emmy akamwambia mumewe hivi: likizo hii ya Aprili ikiisha kabla sijauona huo mchezo ukicheza kwa simu, si kwa laptop, kwa simu, unaenda Kapsokwony. Wangila akakubali. Wiki hiyohiyo stima ikaruka, ikaiunguza laptop.

Ndiyo akaja kwetu. Kazi yake ilikuwa imehifadhiwa kwenye flash, lakini flash si mashine. Nilimwuliza kwa nini asinunue tu programu ya kugeuza mchezo uwe wa simu, akacheka kwa uchovu. Akanieleza kwamba mchezo anauandika mara moja, halafu kuna zana nyingi za kupangwa kwenye kompyuta, moja juu ya nyingine, zinazoupika uwe wa kompyuta, wa Android, hata wa iPhone. Ya iPhone ilitaka mashine ya aina yake, hiyo akaiacha. Za Android zilitaka kupakuliwa, kuwekwa, na kila moja kuonyeshwa mwenzake anakaa wapi.

"Ni kama kupanga jikoni, shemeji," akasema. "Kila sufuria ijue mahali pake."

"Mimi jikoni kwangu ni sufuria mbili," nikamwambia.

Mambo ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali yalikataa, maana simu yake ya maana ilikuwa imeanguka chooni na alikuwa anatumia kabambe, simu ndogo ya vitufe, kama yangu. Simu janja ilikuwa moja tu pale nyumbani, ya Mama, aliyotumiwa na Kizito. Kupiga picha ya kioo cha kompyuta kwa simu ya mama mkwe na kumpelekea mkwe aishike mkononi, hilo hata mimi sikulipendekeza.

Basi kila asubuhi, nikishamwosha Mama, nikimgeuza, nikimpa uji na dawa, nilisikia kikohozi kidogo nje. Ndiye huyo. Usiku alikuwa analala kwa rafiki yake Naim, anayeuza spea za baiskeli karibu na msikiti wa mjini, maana mkwe halali kwa wakweze. Anakaa kwenye kigoda, pazia limefungwa, anaanza. "Niaje, shemeji. Fungua pale jana tuliachia." Naandika anachosema herufi kwa herufi. Ile slash inayolala nyuma nilikuwa naitafuta kila mara kama mtu anayetafuta sindano. Kompyuta inauliza kama nakubali masharti, nakubali. Inauliza tena, nakubali tena. Nimekubali mambo mengi mbele ya ile mashine ambayo sikumkubalia hata mwanaume aliyenioa.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mkwe hapewi jembe. Mkwe anapewa chai, tena ya maziwa, na aliyekuwa anaipika ni yuleyule aliyekuwa anaandika. Jioni mgongo ulikuwa unaniuma mpaka nashindwa kuinama. Nilimchukia, nasema kweli. Halafu nikichungulia pazia nikamwona ameshika kikombe kwa mikono miwili, anajisemea maagizo ya kesho kwa sauti ndogo, chuki inaniishia.

Tulipomaliza kupanga kila kitu, akaniambia nibonyeze, mchezo upikwe. Nikabonyeza. Kioo kikajaa maandishi mekundu.

"Inasema nini?"

"Ati haioni zana. Ati pale ulisema ziko, haziko."

"Nisomee njia yote."

Nikasoma. Ile njia, yaani anwani ya mahali zana zinakaa, ilikuwa inapita kwenye folda yenye jina la mtu, kama kompyuta zote. Nilipofika kwenye jina nikasema, "hapa jina," nikaendelea, maana majina ya wakwe hayatajwi mbele ya mkwe, hata la baba. Wangila hakuuliza. Alijua ni jina la mkubwa wa nyumba hii, na yeye mwenyewe siku ya kuandika hiyo njia alikuwa ameniambia, "hapo weka jina ya mzee," bila kulitamka. Nikaweka Jairus, jina la baba.

Akafikiri upakuaji uliharibika. Tukafuta, tukapakua upya. Mekundu. Akafikiri ni Java, moja ya zile zana, tukabadilisha Java. Mekundu. Akaniambia nisome zana zilipojiweka zilisema ziko wapi, nikasoma, nikafika kwenye jina, nikasema tena, "hapa jina." Siku zikawa zinaenda. Emmy alikuwa anakuja Jumamosi, shule zinafunguliwa Jumatatu, na Jumatatu hiyohiyo mjomba alikuwa anamngoja Kapsokwony. Ijumaa Wangila hakukohoa alipofika. Alikaa tu. Nilipofungua pazia kidogo nikamwona amelaza kichwa ukutani, macho yamefumbwa.

"Shemeji, tuache," akasema.

"Kwani imeshindikana?"

"Sijui kitu gani imebaki. Kila kitu iko sawa na haiko sawa. Wacha tu niende mlimani."

"Soma mara moja ya mwisho," nikamwambia, maana sikujua la kusema. "Mimi nasoma, wewe sikia." Nikasoma zilipojiweka. Hapa jina. Nikasoma tulipoiambia iangalie. Hapa jina.

"Lispah," Mama akaniita kutoka kitandani. Ulimi wake haujawahi kukubali ile 'r' ya jina langu. "Hiyo jina mnaruka kila siku ni jina gani?"

Nikamsogelea nikamnong'oneza. "Kwa moja ni lako, Mama. Kwa ingine ni la Baba."

Mama alinitazama vile alivyokuwa akinitazama nikiwa mdogo nimemwaga maziwa. Kisha akajiinua kwa kiwiko, na nyonga ile, akageukia dirisha. Mama yangu alikuwa hajawahi kumsemesha Wangila tangu amwoe binti yake. Salamu zilipita kwangu, shukrani zilipita kwangu, hata pole ya kufiwa na baba ilipita kwangu.

"Wewe mtoto wa wenyewe huko nje!" akaita. "Hiyo mashine haiko kwa jina ya Jairus. Jairus aliinunua akaiandika jina yangu. Phanice! Unasikia? Andika Phanice, hii kitu iishe, nimechoka kusikia!"

 Nilisikia kigoda kikianguka. Niliposogeza pazia Wangila alikuwa ameshafika kwenye ua wa michongoma, amesimama ametupa mgongo, mikono kichwani, kama mtu aliyekutwa bila nguo. Nikajua amefahamu. Nikajua pia kwamba ameaibika kuliko alivyofurahi. Nami nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Kioo kilikuwa na jibu tangu siku ya kwanza, na sisi wawili, watu wenye adabu zetu, tulikuwa tunaliruka.

Alikaa kule kwenye ua kwa muda. Akarudi, akasimamisha kigoda, akasafisha koo.

"Shemeji."

"Nakusikia."

"Weka hilo jina."

Hata hapo hakulitamka. Nikafuta Jairus, nikaandika Phanice, nikabonyeza. Maandishi yakaanza kushuka, meupe, mengi, sikuona hata mstari mmoja mwekundu. Nikawa nashikilia meza. Yaliposimama nikamsomea neno la mwisho, la kufaulu, akaniambia nilisome tena.

Simu ya Mama tuliiunganisha kwa waya. Ikabidi iwe yake, hatukuwa na nyingine. Lori likatokea kwenye kioo kidogo, likanguruma, na Mama akaninyang'anya simu. Nilimfundisha kidogo, gunia hapa, turubai pale. Muda si muda alikuwa anagombana nayo.

"Ngai! Mvua imeninyeshea! Huyu dereva ni mlevi?"

"Shemeji," Wangila akaita kwa sauti ndogo kutoka nje. "Lori inatembea?"

"Inatembea."

"Na mvua? Inaonekana?"

"Mama amelowa yote, bana."

 Mchezo wake wa miaka mitatu ulikuwa unachezwa mara ya kwanza kwenye simu, hatua chache kutoka alipo, na asingeweza kuja kuuona. Alikuwa anausikia tu kupitia dirishani, lori na mvua na mama mkwe wake akilaani. Nilipochungulia alikuwa amefunika uso kwa kofia. Nilimwacha.

Jumamosi Emmy akafika kutoka Kitale, amechoka, na begi la nguo za Wangila begani. Alikuwa amemfungia kabisa, sweta ya baridi ya mlimani juu. Akampita mumewe kigodani, akaingia kumsalimia Mama. Mama hakuinua macho, ana lori la kufikisha. Emmy akakaa ukingoni mwa kitanda, akaangalia. Akaangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Alinyoosha mkono aombe simu ajaribu, Mama akamwambia angoje. Basi akatoka nje, nami nikamfuata na chai.

"Nimeona," akamwambia Wangila.

"Umeona ikitembea?"

"Nimeona. Mama amekataa kuniachia simu." Akaweka begi chini. "Usiende Kapsokwony. Nitaongea na mjomba."

Wangila akapokea kikombe kwangu, akashukuru, akakishika kwa mikono miwili. "Nitaenda," akasema. "Mjomba ananingoja, na wewe umebeba hiyo nyumba peke yako siku nyingi."

"Sasa hii yote ilikuwa ya nini? Umesumbua Rispah, umesumbua Mama mgonjwa. Si nilisema ukinionyesha unabaki?"

"Sikutaka kubaki, Emmy. Nimechoka." Alikuwa anaangalia chini. "Nilitaka tu ujue, zile siku zote ulikuwa unaniacha hapo kwa meza, nilikuwa nafanya kazi."

Nilimngoja dada yangu aseme kwamba alijua. Ndiyo maneno ambayo mke humwambia mumewe saa kama ile, na mimi ningekuwa yeye ningeyasema hata kama si kweli. Lakini Emmy hajui kudanganya, hajawahi kujua.

"Sikujua," akasema, na akakaa chini kando yake, kwenye udongo, na sketi yake ya kazini.