Shirley wa Kikosi cha Zimamoto

Hapa Wilga Flat, kijiji chetu cha wakulima na wafugaji, mwenye nywele nyekundu huitwa Bluu. Ndivyo utani wetu ulivyo. Nywele za Mzee Bluu Tranter zilishageuka mvi, lakini jina lilimganda. Kwa miaka hamsini amekuwa zimamoto wa kujitolea. Ameingia kwenye moto wa ngano na wa msitu; mara moja alirudi hana nyusi, na kesho yake akaendelea kukata kondoo wake manyoya kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwaka huu kikosi kiliamua kuandika jina lake kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa heshima ukumbini. Glenys, kamanda wetu, alifungua daftari la usajili kutafuta jina kamili, akanigeuzia ukurasa. Shirley Tranter. Siku hizi Shirley ni jina la kike; ukilisikia unamfikiria bibi wa mtu.

Tukamfuata bandani kwake.

“Andikeni Bluu,” alisema, bila kuacha kunoa mkasi wa manyoya.

“Ubao hauandikwi majina ya utani, mzee,” Glenys akamwambia.

“Basi msiandike kitu. Na hiyo sherehe ya Jumamosi mimi siji.”

Glenys akarudi garini. Mimi nilibaki. Niliona ni dhuluma kubwa: mtu aokoe nyumba za watu nusu karne, halafu aogope jina lake mwenyewe kwa sababu sisi wengine ni hodari wa kucheka! Nikamwambia hivyo, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

“Wewe kijana hukusoma na mimi,” akajibu. “Nilipigwa ngumi kwa jina hilo kila siku ya shule. Jumapili nilipumzika.”

Akacheka, akaweka mkasi chini. Baba yake, alisema, alitoka kijiji cha Shirley kule Uingereza, na ukoo wao ulikuwa bado unawaita wanaume hivyo bila mtu kugeuza shingo. Akampa mwanawe jina la kijiji chake, maana yeye mwenyewe hakujaliwa kurudi. Jina lenyewe maana yake ni uwazi katikati ya msitu, pale jua linapofika chini.

“Na marehemu Merle, alikuitaje?” nikamuuliza.

Merle alikuwa mkewe.

“Shirley. Hata akinigombeza. Tangu afe, huu mwaka wa tatu, sijalisikia tena.”

Akageukia dirisha.

“Mwambie Glenys aandike lote. Ila yule mtani wetu Trevor akicheka, mimi na wewe tutajuana.”

Jumamosi ukumbi ulijaa, soseji zinachomwa nje. Glenys akasoma: “Shirley Tranter. Miaka hamsini.”

Kisha Trevor, dereva wa lori letu la maji, akapaza sauti toka nyuma: “Mama Shirley! Tuchemshie chai basi!”

Watu wakaangua kicheko. Nilisimama, ngumi nimeikunja.

“Nitachemsha, Trevor mwanangu,” mzee akasema. “Si wewe niliyekubeba mgongoni kama gunia kwenye ule moto wa Februari, unalia ‘mama, mama’? Mama yako ndiye mimi.”

Ukumbi nusura ubomoke. Trevor, uso mwekundu, akaja mbele akamkumbatia.

“Hongera, Shirley,” akasema, safari hii bila mzaha.

Wengine wakafuata, mmoja mmoja, kila mtu na mkono wake na jina lile. Mzee aliwapokea wote. Kisha akamgeukia Glenys.

“Hebu soma tena, kamanda. Umesoma mbio mno.”