Nilisuta mafundi wa cabro, kumbe mkosaji ni beseni yangu

Wakuu, hamjambo nyote. Mimi ni nyanya wa hapa Homa Bay town. Shule niliacha darasa la tatu na naandika na kidole kimoja, kwa hivyo makosa ya herufi mnisamehe. Makosa hayo mengine nitayasema yote bila kupunguza.

Kazi yangu ni kukaanga samaki kwa kibanda kando ya barabara, chini ya mwarubaini niliopanda mwenyewe nikiwa bado na meno yote.

Kila jioni nikimaliza kuosha samaki na sufuria, maji namwaga hapo kwa shina, upande wa njia. Beseni tatu. Nilikuwa najisifu kabisa kwamba nanyeshea mti.

Basi watu wa kaunti wakaweka cabro, yale matofali ya kupanga chini, kwa njia ya miguu inayopita hapo. Zikakaa vizuri. Halafu zikaanza kuinuka polepole kama mkate uliozidishwa hamira.

Mimi nikasema mkandarasi amekula simiti. Nilisema sokoni, nilisema kanisani siku ya Sabato, niliambia hata watu hawajaniuliza.

Siku moja Auma akajikwaa hapo, akaanguka, akavunjika mkono. Auma ni nyieka wangu, yaani mke mwenza. Tumegombana tangu mzee wetu akiwa hai, lakini siku hiyo nililia.

Nikaenda public participation, ule mkutano wa kaunti wa kusikiliza wananchi, nikanyakua maikrofoni. "Tengenezeni hiyo njia kabla haijaua mtu!"

Makofi! Nilirudi nyumbani nikitembea kama mheshimiwa.

Wakuu, shida ni kwamba walinisikiliza.

Walikuja asubuhi na power saw. Mwarubaini wangu wakauchora X nyekundu. Nikasimama mbele ya shina na mwiko mkononi.

"Nani amewatuma mkate huu mti?"

Engineer, msichana mdogo wa kofia nyeupe, akafungua karatasi, akaniita dani, yaani nyanya. "Ni wewe, dani. Jina lako liko hapa, kwa malalamiko ya njia."

Auma alikuwa hapo na plasta yake. Nikajua leo atanicheka mpaka jua litue. Lakini akasema, "Mti haina makosa. Kama lazima mkate kitu, kateni mdomo ya huyu."

Mwenye power saw akacheka mpaka akaiweka chini.

Engineer akaambia mafundi wang'oe cabro kwanza. Wakuu, mizizi ilikuwa imejaa huko chini, minene kama mkono wangu, yote imekuja juu. Akachimba upande wa kibanda changu, hakuna kitu. Huko mizizi imeenda chini kwa adabu.

"Dani, nani anamwaga maji hapa kwa njia?"

Beseni ilikuwa hapo miguuni, bado ina magamba ya samaki wa jana.

Auma akajibu na sauti ya kwaya, "Kila jioni. Beseni tatu."

Nimelea watoto saba wakiniandama jikoni, na bado sikujua kwamba mizizi pia hufuata mahali chakula iko!

Engineer akasema mizizi hiyo ikikatwa, mti utaangukia watu. Dawa ni njia izunguke shina ipite upande wa pili, na huku kubaki udongo.

"Upande wa pili wapi?"

Akaonyesha kibanda changu. "Mti ubaki wewe uhame, ama wewe ubaki mti ukatwe."

Nikaangalia X. Nikaangalia plasta ya Auma. Nikasema, "Hamisheni mimi."

Siku hizi nakaanga ng'ambo ya barabara, juani, chini ya mwavuli uliotoboka. Maji namwaga mbali, na naangalia pande zote kwanza kama mwizi. Wateja wananunua kwangu, kisha wanavuka kwenda kula kwa kivuli.

Na kwa kivuli kuna benchi. Kwa benchi kuna Auma, amekaa siku nzima, ananipungia ule mkono uliopona.

Funzo langu: kabla ushike maikrofoni, angalia kwanza beseni yako.

Nyinyi wa Migori, Kendu Bay na kwingine, huko kwenu njia na mti mnapatanisha aje? Nifundisheni. Wenye matusi pia karibuni, lakini mpange laini nyuma ya Auma.