Mawe Meusi ya Bafu la Bibi

Harufu ya saruji mbichi ikichanganyika na sabuni ya kipande hunirudisha nyumbani kwetu Gisenyi, msimu ule wa mvua nilipokuwa na miaka tisa, familia nzima ikigombania sakafu ya bafu. Bibi, mama yake baba, mzaliwa wa Goma, alikuwa ameteleza kwenye sakafu yetu ya saruji laini akaumia nyonga. Tangu hapo mama alimwogesha kama mtoto mchanga. Mwanamke aliyezoea kuoga peke yake kila alfajiri, akiimba nyimbo za kanisani hadi majirani wakaamka, sasa aliogeshwa kimya, uso ameugeuzia ukutani. Iliniuma sana. Baba alimpoza kwamba kuteleza si kuanguka. Bibi akamjibu, "Hiyo uambie kiuno yangu."

Baba akaamua kubadili sakafu. Alikuwa mtu wa ofisi, mpenda kung'ara tangu viatu hadi paa, akarudi na vigae vyeupe vinavyometa hata ukaona meno yako ndani yake. Bibi akakigusa kimoja kwa kidole gumba cha mguu, akatikisa kichwa. Alitaka amakoro, mawe meusi ya volkano yenye vitundu, ambayo kwetu hujengewa kuta za ua na hakuna anayeyaonea fahari. Baba nusura azimie. Wageni si watasema tunaoga juu ya ukuta! Hata mama aliguna: uchafu wa vitundu vile atausugua nani? Fundi tuliyemwita alieleza kwamba mawe hukatwa bapa na vitundu vikubwa huzibwa kwa saruji, lakini nani alimsikiliza?

Jumamosi moja Bibi akaamuru vigae na mawe bapa vipangwe uani, safu mbili kando kwa kando, vimwagiwe maji ya sabuni. "Bon. Mwana wangu, vua viatu, tembea." Baba akakunja suruali huku akicheka. Juu ya mawe alipita salama salimini. Akahamia kwenye vigae vyake kwa madaha na, lo! hatua ya pili tu, miguu juu, makalio ndani ya beseni la sabuni. Majirani waliokuwa wakichungulia wakapiga vigelegele. Bibi akamwinamia taratibu. "Mwana wangu, uliteleza ao ulianguka?" Nilicheka mpaka nikalia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Baba alivunjika maringo tu, akawa wa kwanza kubeba mawe.

Sakafu ilipokauka, Bibi aliingia peke yake, akafunga komeo. Tulisimama mlangoni, mama ameshika taulo, baba anang'ata kucha. Maji yakamwagika. Kisha wimbo ukapanda, mkali kuliko zamani, nasi tukashangilia kama bao limefungwa! Mawe yale aliyasugua mwenyewe kila wiki, ameketi kwenye kigoda, hadi mwisho wa maisha yake.

Leo nina nyumba yangu kwenye barabara ya kwenda Rubona, na maduka ya mjini yamejaa vigae vya kila rangi. Muuzaji aliponisifia vile vinavyometa, nilivua viatu mbele ya wateja nikaomba maji na sabuni. Alinitazama kama mwehu. Sikujali, nikaenda kutafuta mawe meusi, kwa sababu baba anaishi nami sasa na anatembea kwa mkongojo. Jana alfajiri alifunga komeo, na baada ya kitambo nikamsikia akiimba wimbo wa mama yake, vibaya mno, kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima.