Kamshafti Mbili za Abdullah

Injini iliingia nyumbani juu ya mkokoteni, kwa sababu vichochoro vya mji wa kale, nyuma ya Ndia Kuu, havipitishi gari. Gari lenyewe, Toyota kuukuu, lilibaki mtaani Buxton kwa Zakariya, mpwa wa Abdullah. Mahamali waliitua injini uani, karibu na birika la maji, na Saadia, mkewe Abdullah, akazihamisha kamba zake za kuanikia nguo. Maisha yake yote mumewe alikuwa fundi wa malori ya watu kule bandarini Kilindini. Hii ilikuwa yao wenyewe, na alitaka kuifungua na kuifunga kwa mikono yake.

Aliifungua akiwa na macho. Sukari ikamla jicho la kushoto kabla hajazirudisha pistoni, kisha la kulia nalo likaanza kuingia ukungu. Daktari alipomkataza kazi, aliiacha ya Kilindini. Ya uani hakuiacha.

"Naona vya kutosha," alikuwa akisema.

Saadia alimwamini. Mumewe alikijua kila kidato cha ngazi, na kikombe cha kahawa hakikupata kumponyoka.

Asubuhi ya kufunga kamshafti, Saadia alikuwa uani akichagua mchele. Abdullah alivipaka oili vile vyuma viwili virefu vyenye matuta, akavilaza taratibu mahali pake juu ya injini.

"Hiki ni cha kuvutia hewa, hiki cha kutolea moshi," alieleza, ingawa hakuulizwa. "Matuta haya ndiyo yanayosukuma valvu. Vifuniko vyake vina namba na mshale, na mshale sharti utazame mbele, kwenye cheni. Ukikigeuza kimoja, chuma kinabana. Ukilazimisha, kinakatika."

Akaanza kuvipachika vifuniko, kimoja baada ya kingine. Saadia alipoinua uso, aliona mshale wa kile cha katikati umeelekea nyuma, upande wa jikoni. Akangoja mumewe auone. Abdullah aliinama hadi pua ikakaribia kugusa chuma, akasema, "Sawa kabisa," akanyoosha mkono kuchukua spana.

"Baba Hanin," Saadia alisema polepole, "hebu kitazame hicho cha katikati."

"Nimekitazama."

"Mshale wake umeelekea wapi?"

Kidole gumba cha Abdullah kilipapasa kifuniko, lakini alama ilikuwa imelika kwa uzee, haishikiki.

"Mbele," alisema.

Saadia aliweka ungo chini. Akaenda kusimama mbele yake, akainua kiganja karibu kabisa na uso wake. Abdullah hakupepesa.

"Tangu lini?"

"Tangu Maulidi."

"Na hukunambia."

"Ningekwambia, ungewaita mahamali waje waiondoe."

Ilikuwa kweli, angewaita. Machozi yalimtoka Saadia, akataka kugeuka kama alivyozoea, kisha akakumbuka kwamba hapakuwa na wa kumficha. Akalia pale pale, ana kwa ana na mumewe, bila sauti. Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa leso, akapiga magoti kando ya injini.

"Nipa mkono wako," alisema. "Nitakusomea."

Alimsomea namba za vifuniko vyote, akakigeuza kile kilichokosewa. Abdullah akakaza bolti kidogo kidogo, kuanzia katikati kwenda pembeni, huku mkewe akimshika kifundo cha mkono na kumhamishia kwenye bolti inayofuata. Mwisho aliizungusha injini kwa mkono, na kamshafti zote mbili zikazunguka laini, bila kukwama. Akazipangusa spana, akazirudisha sandukuni bila kutabasamu. Saadia alitegemea atafurahi.

Mahamali waliirudisha injini Buxton, Zakariya akaipachika garini, nayo ikawaka. Abdullah aliketi kwenye usukani, akasikiliza kwa muda mrefu, mikono yote miwili mapajani. Kisha akashuka, akalizunguka gari akilipapasa kwa vidole hadi mlango wa abiria.

"Endesha wewe, mwanangu," alimwambia Zakariya.

Walipofika juu ya daraja la Nyali, Abdullah aliuliza maji yana rangi gani. Saadia, aliyekaa nyuma, akamweleza kadiri alivyoweza.

"Na upande wa pili?"

Akamweleza na upande wa pili. Abdullah aliitikia kwa kichwa, akafunga kioo, na njia nzima iliyobaki hakuuliza tena.