Gari la Akida

Akida, fundi matairi wa Nyasubi, alikuwa kiguu na njia: leo Geita, kesho Buseresere, nyumbani akipita kubadili shati tu. Mwaka 1984 alikata springi za gari lake la mbio ili lilale chini, akalifunga rimu pana na matairi manene. Lingekuwa la mteja, angezungusha usukani kwanza, aone kama matairi yanagusa madigadi. Lake? Subira ya nini! Akalitoa mbio.

Barabara iliponyooka, lilikwenda. Alipokata kona ya kuingia kwake, matairi yakang'ang'ania madigadi, mpira ukanuka kuungua. Akaliacha hapo, akarudi kwa miguu.

Mkewe, Mwasiti, akacheka. "Baba Tabu, limekuiga. Kwenda linajua, kurudi nyumbani halijui."